Somo: Kufyeka shamba lililogeuka kichaka kwa slasha ya trekta

Kila masika yakiisha napokea swali lile lile. Mtu anaishi Nairobi, alinunua shamba Joska, Isinya au Konza, akakaa miaka bila kulikanyaga, sasa limekuwa msitu. Aanzie wapi? Nimemjibu kila mtu peke yake hadi nimechoka. Leo naandika mara moja. Someni yote kabla ya kuuliza.

Nazungumzia slasha ya kukokotwa na trekta: sahani pana ya chuma yenye visu chini, inayozungushwa na propela (shafti ya kuunganisha) kutoka kwenye PTO, yaani ncha ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu za injini. Inamaliza nyasi ndefu na vichaka vya mashina yasiyozidi sentimita 5 hivi. Mti mnene kuliko hapo ukatwe kwanza kwa msumeno wa injini.

1. Subiri ardhi ishike. Udongo mweusi wa huko ukilowa humeza trekta hadi ekseli. Kanyaga kwa kisigino: ukiganda kwenye kiatu, rudi nyumbani. Mimi hupenda kuanzia mwisho wa Juni.

2. Tafuta bikoni zote (alama za mipaka ya shamba), uchomeke kando ya kila moja mti mrefu uliopakwa rangi nyeupe. Usipoziona, mwite mpima ardhi kabla ya trekta.

3. Tembea shamba lote kwa miguu. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Ilikuwa ekari mbili upande wa Kitengela. Mwenye shamba alinihakikishia kuwa ni safi, nikaamini, nikaingia moja kwa moja. Baada ya nusu saa nikasikia mlio kama bati linalokwaruzwa. Sikusimama, nilidhani ni jiwe dogo. Nilipokuja kusimama, harufu ya oili iliyoungua ilikuwa imejaa pua. Chini ya sahani, seng'enge ya ua wa zamani ilikuwa imejisokota kwenye shafti ya visu, imekaza kama uzi kwenye kibiringo, miiba yake imeng'arishwa na msuguano. Ilikuwa imekata sili, ile pete ya mpira inayozuia oili kuvuja, oili yote ikamwagika, giaboksi ya slasha ikafa. Nililipa mimi.

Tembeeni kwa mistari, hatua mbili kutoka mtu hadi mtu, kila mmoja na fimbo ya kupapasia. Mnatafuta seng'enge, mawe, visiki, vichuguu, mashimo na mizinga ya nyuki. Vaeni gambuti, kifutu hulala kwenye nyasi kavu na hakimbii akisikia mtu anakuja. Seng'enge ikatwe, ikunjwe, itolewe nje ya shamba. Kuisukuma pembeni si kuitoa. Na mkisikia mlio msioujua, zimeni PTO hapo hapo.

4. Kagua visu, bolti zake na oili ya giaboksi. Usiingize hata mkono chini ya slasha iliyoinuliwa kwa haidroliki pekee: zima injini, toa ufunguo, ngoja visu visimame kabisa, kisha weka magogo chini yake.

5. Mzunguko wa kwanza kata juu, sentimita 20. Wa pili pita kwa kukingama, sentimita 10.

6. PTO izunguke mara 540 kwa dakika, trekta iende gia nzito ya chini. Anayepunguza mafuta ili kubana dizeli anararua nyasi badala ya kuzikata.

7. Watu, watoto na mifugo wakae mita 100 mbali. Jiwe likirushwa na kisu halichagui.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kamulu: Mkuu, bei ni ngapi kwa ekari?
— Inategemea kichaka na umbali trekta inakotoka. Patana kwa ekari, si kwa saa.

Mwanachama, Ruai: Shamba langu nalijua, halina kitu. Lazima nitembee?
— Soma namba 3 tena.

Mwanachama, Isinya: Bolti ya propela inakatika kila mara. Fundi kanishauri niweke ngumu zaidi.
— Usiweke, ndugu. Ile imewekwa ikatike ili giaboksi ipone. Ikikatika mara kwa mara, unagonga visiki au unakwenda mbio. Nimeshaeleza mwendo hapo juu.

Mwanachama, Kasarani: Mwalimu, samahani, naomba kuelewa. Waya laini unawezaje kukata sili ya mashine nzito namna ile?
— Asante kwa kuuliza hivyo, dada. Shafti hutoka giaboksi kwenda chini, na sili ni pete ya mpira inayoizunguka pale inapotokea. Waya ukijisokota, kila mzunguko unapanda juu ya mwenzake hadi unafika kwenye mpira na kuupenya. Oili inadondoka chini, penye nyasi, huioni. Ndiyo maana kila saa moja nasimama, nazima, nachungulia kama kuna tone jipya. Ukiona tone, toa waya kabla hujaendelea. Sili peke yake ni kazi ndogo kwa fundi.

Mwanachama, Konza: Kwangu kumejaa ile migunga mifupi yenye vinundu vyeusi na sisimizi. Slasha itaiweza?
— Michanga, ndiyo. Lakini itachipua tena kutoka kisikini, na vile visiki vilivyochongoka hutoboa tairi. Kama unataka kulima, ing'oeni kwa jembe na sururu baada ya mvua, ardhi ikiwa bado laini, halafu trekta ije ikishakauka.

Mwanachama, Kitengela: Mimi huwaruhusu majirani wafugaji waingize ng'ombe wiki mbili kabla. Nyasi zinabaki fupi, mawe yanaonekana.
— Hili nalifanya pia, na ningelitia kwenye somo. Zungumza na mzee wa boma mapema, mwonyeshe bikoni ilipo, na seng'enge itolewe kabla ng'ombe hawajaingia, inawakata miguu.

Mwanachama, Ruai: Sawa, nimetembea leo. Nimekuta roli nzima ya seng'enge chini ya nyasi, karibu na lango.
— Pita tena upande wa lango. Roli ikiwapo, mara nyingi kuna vipande vilivyokatwa hapo hapo na kuachwa.