SOMO: Kuunda supakaa ya injini ya katikati kwenye Automation, mchezo wa kompyuta wa kubuni magari

Kila wiki naulizwa swali lile lile: "Mbona gari langu lazunguka lenyewe kwenye kona?" Naandika hapa mara moja. Mtu akiwauliza tena, mleteni huku.

1. Chagua bodi inayokubali injini ya katikati. Si zote.

2. Chesisi: alumini au kaboni kama bajeti yaruhusu.

3. Injini. Katikati ni nyuma ya dereva, mbele ya ekseli ya nyuma. Porsche 911 injini yake iko nyuma ya ekseli, hiyo ni habari nyingine. V8, yaani ya silinda nane, ya kulala kwa urefu yatosha. Ukitaka V12 ya kukingama kama Lamborghini Miura ya 1966, pima nafasi kwanza.

4. Viti viwili, gia, breki. Mwajua.

5. Hapa tukae. Uzito mwingi sasa uko kwenye magurudumu ya nyuma. Mkokoteni ukipakiwa nyuma tu, mikono yanyanyuka na hamali hana kauli tena. Pua ya gari hili nayo ni nyepesi hivyo. Isitoshe uzito umejikusanya karibu na kitovu, ndiyo maana lageuka upesi, na mkia ukianza kutoka, watoka upesi vilevile. Anza na tairi: nyuma ziwe pana kuliko mbele. Corvette C8 ya 2020 yatumia tairi za upana wa milimita 245 mbele na 305 nyuma, anzia hapo. Kisha stabilaiza, vyuma vinavyozuia gari kulala upande kwenye kona: kaza ya mbele, legeza ya nyuma. Bawa la nyuma lije mwisho.

ONYO: badilisha kitu kimoja, tazama mchoro wa mchezo unaoonyesha gari lageukaje, ndipo uguse kingine.

ONYO: bawa halikusaidii kona za polepole. Kasi ikiwa mara mbili, mgandamizo ni mara nne. Kasi ikiwa ndogo, bawa ni pambo.

MASWALI

– Maalim, langu lina nguvu za farasi 900 na lazunguka. Nifanyeje?
– Hatua ya 5.
– Nimesoma.
– Tairi za nyuma saizi gani?
– 225, sawa na za mbele.
– Basi hujasoma.

– Samahani sheikh, mie mgeni. Kwa nini lazunguka nikiachilia mafuta kwenye kona, na breki sijagusa?
– Karibu sana, hilo ndilo swali. Ukiachilia mafuta uzito wahamia mbele, tairi za nyuma zabaki nyepesi na kona bado zaishikilia. Mkia hutoka hapo. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa ndani shika mafuta kidogo. Lipeleke gari BeamNG.drive, mchezo wa kuliendesha, chagua kona moja, achilia ghafla, kisha rudia taratibu. Utaona tofauti.

– Si utupe tu faili la gari lako?
– Hapana. Langu likikuzungusha hutajua sababu.

– Matundu ya ubavuni yapoza injini?
– Kwenye mchezo ni sura tu, hewa ya kupozea yawekwa ukurasa wa erodinamiki. Lakini yachore. Gari la kweli la aina hii lavutia hewa pale.

– Tukiongea kupoza, laptop yangu yazima nikifungua BeamNG. Na joto hili la Mombasa!
– Usiiweke godoroni. Inyanyue, safisha vumbi la feni, punguza vivuli, ondoa magari ya trafiki.
– Na tokeni za stima zikiisha katikati ya kazi?
– Kila badiliko kubwa lihifadhi kwa jina jipya. Stima ikirudi, waendelea ulipoachia.