Jirani ana bastola kwenye droo na watoto wako wanacheza kwake: ufanyeje hapa Michigan

Jamani hili nimeulizwa sana na wazazi wenzangu, mtoto kaenda kucheza kwa rafiki yake, karudi anakwambia baba flani ana bastola iko tu kwenye droo. Wengi tunanyamaza eti ni mambo ya nyumba ya watu. Usinyamaze.

Jua kwanza sheria. Tangu tarehe 13 Februari 2024, mwenye bunduki ambaye nyumbani kwake kuna mtoto chini ya miaka 18, au kuna uwezekano mtoto akafika, lazima aifungie kwenye sefu au aitoe risasi aitie kufuli. Mtoto akiichukua akawaonyesha watu, mwenyewe anaweza kulala ndani hadi siku 93. Akijeruhi mtu ni hadi miaka 5, akiua ni hadi 15.

Halafu mwandikie huyo mzazi, na hapa ndo watu wanakosea, wanapiga simu tu. Tuma meseji ya heshima, "kaka, mtoto ameniambia kaona bastola, naomba uifungie", alafu piga skrinishoti utunze. Baadae hawezi kusema sikujua.

Hilo la kujua ndo lilowamaliza James na Jennifer Crumbley, wazazi wa kijana aliyepiga watu risasi shuleni kwao Oxford, hapa hapa Michigan. Baba kanunua bastola tarehe 26 Novemba 2021, kesho yake mama kampeleka mtoto wa miaka 15 kujifunza kulenga shabaha, tarehe 30 asubuhi shule ikawaita ikawaonyesha mchoro wa bunduki na maneno ya mtoto kuomba msaada, wao wakakataa kuondoka nae, hata hawakutaja kama nyumbani kuna bastola, na mchana huo huo akaua wanafunzi wanne. 2024 kila mmoja akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, miaka 10 hadi 15 jela. Kumiliki bunduki peke yake kusingewafunga, ila dalili zote zilikuwa mezani wakazipita.

Meseji isipojibiwa nenda polisi, na usitoke bila namba ya ripoti. Kama kuna mtu humo ndani anatishia kuua au kujiua, waambie waombe mahakama amri ya kuchukua silaha, jirani huwezi kuiomba mwenyewe lakini wao wanaweza. Ni dharura? 911, basi.

Ikiwa madhara yameshatokea (Mungu apishe mbali) kesi ya jinai anaamua prosekyuta (mwendesha mashtaka wa serikali), sio wewe, kwahiyo hata wazee wakikaa mkasameheana haifutiki. Ya fidia ndo yako, na kwa kawaida una miaka 3 tu. Tafuta wakili mapema, wengi wanalipwa kesi ikishinda, tunza karatasi zote za hospitali, na watu wa bima ya nyumba ya huyo jirani wakikupigia kukusalimia kwa sauti tamu, usisaini kitu.