Kusoma Mihuri Kabla ya Kununua: Bahasha Kongwe za Milki za Maharaja katika Nyumba za Lamu

Katika nyumba kongwe za Lamu, hasa zilizowahi kukaliwa na wafanyabiashara wa Kibohora, wa Kikhoja na wa Kibaniani waliotoka Kachi na Kathiawar, magharibi mwa India, bado huibuka ndani ya kasha furushi la barua lililofungwa kwa uzi, ambalo wenyewe hawajalifungua tangu babu yao afariki. Ukibahatika kuonyeshwa furushi kama hilo, usianze kwa kutafuta stempu yenye nembo ya maharaja, yaani mtawala wa milki ya Kihindi. Huenda usiione kabisa, na ukiiona peke yake juu ya bahasha iliyoandikiwa mtu wa Lamu, hapo ndipo pa kuingiwa na shaka.

Shaka hiyo inatokana na jinsi posta za India zilivyopangwa. Wakati wa Waingereza kulikuwa na milki zaidi ya 500 chini ya maharaja, manawabu na watawala wadogo, lakini zilizowahi kuwa na stempu zake ni kama 40 tu, nazo zilikuwa za mafungu mawili. Fungu la kwanza ni milki sita zilizofunga mkataba na posta ya Serikali ya India, Patiala ikitangulia mwaka 1884, na nyingine zikiwa Gwalior, Jind, Nabha, Chamba na Faridkot. Hizi zilitumia stempu za kawaida za India zilizopigwa jina la milki kwa wino juu ya sura ya mfalme au malkia wa Uingereza, na stempu hizo zilikubalika ndani ya milki yenyewe, katika milki nyingine za mkataba na katika India ya Waingereza. Fungu la pili ni milki zilizojichapishia stempu zake, kama Soruth, yaani Junagadh, iliyoanza mwaka 1864, Jammu na Kashmir mwaka 1866, Hyderabad mwaka 1869, Nawanagar mwaka 1877, Travancore mwaka 1888 na Cochin mwaka 1892. Stempu za fungu hili kwa kawaida zilikoma kazi mpakani.

Kwa hiyo barua iliyotoka Srinagar kwenda Bombay katika miaka ya 1880 ilibandikwa stempu mbili, moja ya maharaja kwa safari ya ndani na moja ya India kwa safari ya mbele, na bahasha yenye stempu zote mbili, kila moja ikiwa na muhuri wa posta yake, ndiyo inayotafutwa zaidi na wakusanyaji. Iliyovuka bahari kuja huku ilihitaji stempu za India. Kama haina, basi sharti iwe na alama ya deni, ambayo aghalabu ni herufi T au neno la Kiingereza linaloonyesha kwamba mpokeaji ndiye atakayelipa. Bahasha ya Nawanagar isiyo na stempu ya India, isiyo na alama ya deni, na bado inadai kuwa ilifika Lamu, mrudishie mwenyewe kwa adabu.

Liko pia jambo linalowavunja moyo wengi: Kachi, ambako ndiko walikotoka wengi wa Wahindi wa pwani yetu, haikuwa na stempu zake za posta, wala Porbandar haikuwa nazo. Barua ya Mandvi au ya Bhuj, miji ya Kachi, ina stempu za India tu, na kinachoitambulisha kuwa ya milki ya Rao, mtawala wa Kachi, ni muhuri. Ndiyo maana nasema mihuri kwanza.

Ninayo bahasha moja niliyoipata katika duka la vitu vya kale karibu na Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu. Mbele yake kuna stempu mbili za Mfalme Edward wa Saba, zimebandikwa pembeni kidogo kana kwamba mwandishi alikuwa na haraka, na muhuri wa duara wenye maneno CUTCH MANDVI umezikamata zote mbili na kumwagika hadi kwenye karatasi. Anwani imeandikwa mara mbili, kwa Kigujarati juu na kwa Kiingereza kibovu chini. Ukiigeuza, nyuma utakuta mihuri mitatu iliyopandana: Bombay, siku nne baada ya Mandvi, Mombasa, baada ya zaidi ya majuma mawili, na Lamu, siku sita baadaye, ukiwa umefifia kiasi kwamba mwaka 1908 niliusoma kwa kioo cha kukuzia tu, nikiiinamisha bahasha kwenye mwanga wa dirisha. Muuzaji aliiona ya bei ya chini kwa sababu haina stempu ya maharaja. Mimi singeibadilisha na stempu kumi zisizo na bahasha.

Kwa hiyo anza na upande wa nyuma. Andika kila muhuri, mahali na tarehe, kisha jiulize kama safari hiyo inawezekana. Historia ya posta ya Lamu itakusaidia: Wajerumani walifungua ofisi ya posta hapa Novemba 1888 na kuifunga Machi 1891, na nyumba yao leo ni makumbusho madogo yanayostahili kutembelewa. Muhuri wa Lamu wenye mwaka wa kabla ya 1888 hauaminiki. Kabla ya hapo barua za India ziliingia Unguja, ambako posta ya India ilifanya kazi hadi 1895, kisha zikaletwa kwa jahazi. Nyingine hazikupita posta kabisa, bali zilibebwa na nahodha wakati wa kaskazi, na hizo hazina stempu wala muhuri, ila zina thamani yake kwa mtu wa hapa. Mwaka 1890, Kampuni ya Imperial British East Africa ilipopungukiwa na stempu, stempu za India zilitumika kwa muda Mombasa na Lamu. Ukidhani umepata moja ya hizo, usinunue bila kumwonyesha mtaalamu.

Tarehe za mihuri ya milki zenyewe zataka subira. Nyingi zimeandikwa kwa mwaka wa Vikram Samvat, kalenda ya Kihindu, ambao unaupunguzia 57, na kwa miezi michache ya mwaka 56, ili kupata mwaka wa Miladi. Stempu za duara za Kashmir zenye 1923 ni za 1866. Travancore ilifuata kalenda ya Kimalayali, ambayo unaiongezea 825 au 824. Hyderabad ilitumia maandishi ya Kiajemi, na hapa aliyesoma chuo cha Kurani yuko mbele ya mkusanyaji wa London, mradi akumbuke kwamba 4 na 5 za Kiajemi hazifanani na za Kiarabu. Thamani ni rupia, ana na pai: ana 16 kwa rupia, pai 12 kwa ana. Pesa yetu ya leo imepata jina lake kwenye sarafu ndogo ya Kihindi, 64 kwa rupia moja.

Kuhusu bandia, ambazo ni nyingi mno kwa Kashmir na Faridkot, hila ya kawaida si kughushi bahasha nzima bali kubandika stempu juu ya bahasha ya kweli. Angalia kwa kioo kama wino wa muhuri unavuka ukingo wa stempu bila kukatika wala kubadilika uzito. Inua bahasha kwenye mwanga, uone kama karatasi iliyo chini ya stempu ina kivuli cha stempu nyingine, na kama stempu ya India ina alama yake ya maji, yaani mchoro uliomo ndani ya karatasi yenyewe: kichwa cha tembo kwa za tangu 1865 au nyota kwa zilizofuata. Faridkot ilipoingia kwenye mkataba, stempu zake za awali ziliendelea kuchapwa kwa ajili ya wakusanyaji, basi stempu safi ya Faridkot isiyo na bahasha ni ya bei ya pipi.

Usioshe kitu. Nilisafisha bahasha ya Kashmir kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, na rangi nyekundu ya stempu, iliyochapwa kwa rangi ya maji, ikaenea kama hina kabla sijainua mkono. Vumbi liondoe kwa brashi laini, na shika kwa kibano.

Hewa ya chumvi ya Lamu ni adui mkubwa kuliko mwizi. Weka bahasha katika mifuko ya poliesta isiyonuka, usitumie ile plastiki laini ya maduka inayonata, wala gundi ya karatasi. Pakiti za kunyonya unyevu zikaushwe kila zikibadilika rangi, na sanduku likae juu ya rafu, mbali na ukuta wa matumbawe unaotoa jasho wakati wa masika. Masanduku ya mbao ya kale ni mazuri kwa macho, lakini mchwa huyapenda zaidi. Sanduku lako lifungue kila wiki mbili na upeperushe bahasha ndani ya kivuli, kamwe si juani.

Na unapomwendea mzee mwenye furushi, msalimu, ukae, uache yeye aanze habari za barua. Barua iliyomo ndani ni ya ukoo, nayo uombe ruhusa kabla ya kuitoa, hata kama bahasha umeshaikubalia bei.