Kumiliki Cobra ya kuigiza yenye injini ya Coyote

Cobra halisi zilianza mwaka 1962, Carroll Shelby alipochukua gari dogo la Kiingereza, AC Ace, akalitia V8 ya Ford. Kwa miaka yote ya uzalishaji ule wa kwanza zilitoka kama elfu moja tu. Ile ya kwanza kabisa, CSX2000, iliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Kwa hiyo hapa tunazungumzia kitu kingine: bodi ya faibaglasi yenye sura ya Cobra ya 1965, chesisi ya mabomba ya chuma, na mbele Coyote ya lita 5.0, injini ya V8 ya gari la Ford Mustang. Yangu ni ya kijani kilichokolea, bila ile mistari miwili myeupe. Hata hivyo kila kituo cha mafuta kuna mtu anauliza kama ni ya kweli. Namjibu: hapana, ndiyo maana naiendesha.

Kabla hujashika spana, elewa kwamba gari hili halina kiwanda kimoja wala kitabu chake. Aliyeliunganisha ndiye aliyekuwa kiwanda, na ukishalinunua kazi hiyo ni yako. Tafuta daftari gumu, uandike kila kitu kimetoka kwenye gari gani na la mwaka gani: pedi za breki, beringi za magurudumu, pampu ya klachi, rejeta, mkanda wa alteneta na urefu wake. Ukienda duka la spea ukasema "nataka pedi za Cobra" utaangaliwa tu. Sema "pedi za mbele za Mustang GT ya 2013" na utahudumiwa mara moja.

Kwa injini yenyewe, anza kwa kujua ni ya kizazi kipi. Coyote ya 2011 ilikuja na nguvu farasi 412 na inameza oili kama lita 7.6. Kuanzia 2018 Ford waliongeza mfumo wa pili wa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, wakapandisha mgandamizo hadi 12 kwa 1, na oili ikafika karibu lita 9.5. Hizo ni namba za Mustang. Kwenye replika sampu, lile karai la oili chini ya injini, huenda ilibadilishwa ili isigonge barabara, kwa hiyo mara ya kwanza mimina kidogo kidogo huku ukisoma dipstiki, halafu andika kipimo cha gari lako.

Sasa joto, maana hapa ndipo wengi wanaichukia Cobra kabla hawajaizoea. Coyote ina kamshafti nne, kwa hiyo vichwa vyake ni vipana, na inakaa kwenye nafasi iliyobuniwa kwa injini nyembamba zaidi. Mabomba ya moshi yanatokea ubavuni, yakipita karibu kabisa na kisanduku cha miguu yako. Injini ikiwa imepoa, piga magoti na tochi uangalie chochote kilicho ndani ya shubiri moja kutoka kwenye mabomba hayo: mpira wa klachi, waya mnene wa stata, bomba la breki. Kila kimoja ukisogeze, na kisichosogezeka ukivishe soksi ya kuzuia joto. Klachi inayolegea ukiwa kwenye foleni na kurudi sawa gari likipoa si lazima iwe imekwisha. Mara nyingi mafuta yake yanachemka ndani ya mpira.

Upande wa maji, adui ni hewa iliyonaswa. Rejeta imelala chini puani mwa gari wakati injini iko juu, na mapovu hukaa juu. Pandisha pua kwa jeki, uweke stendi imara, mpaka mdomo wa kujazia uwe ndio sehemu ya juu kuliko zote. Jaza taratibu kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, washa injini, kandakanda mpira wa juu wa rejeta, na usubiri thamostati ifunguke karibu na nyuzi 90. Utajua kwa mkono: mpira uliokuwa baridi unashika moto ghafla. Zima, acha ipoe kabisa ndipo ufungue kifuniko na kuongeza. Rudia mpaka kiwango kisishuke tena.

Bado inapanda kwenye foleni? Shika karatasi mbele ya rejeta feni ikizunguka. Karatasi inapaswa kunyonywa. Ikisukumwa mbele, nyaya za feni zimegeuzwa na inapigana na upepo. Kisha angalia mianya kati ya rejeta na bodi. Hewa hupita penye urahisi, na kama kuna nafasi pembeni itapita huko badala ya kupenya kwenye mapezi. Bati jembamba la alumini na ukanda wa sponji vinatibu kile ambacho watu wengine hununulia rejeta kubwa zaidi.

Umeme ni sura nyingine. Gari la bati hutumia bodi yake kurudisha umeme kwenye betri, lakini faibaglasi haipitishi umeme hata kidogo. Kila taa, kila geji, kila honi inahitaji waya wake wa hasi unaofika kwenye chesisi au betri. Ukiona indiketa inafanya taa ya nyuma ififie, au mshale wa petroli unaruka ukiwasha taa kubwa, usinunue geji mpya. Fuata waya wa hasi. Kukwangua rangi pale unapofungwa kwenye chesisi hutatua mengi. Halafu pima: weka mita kwenye bloku ya injini na kwenye hasi ya betri, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, ethi ya injini, yaani waya wake wa hasi, ni dhaifu, na umeme wa stata utatafuta njia nyingine, hata kupitia nyaya nyembamba za kompyuta. Kompyuta hiyo ni ghali kuliko waya.

Faida kubwa ya injini ya kisasa ni kwamba inasema inapoumwa. Kama ilifungwa na kompyuta yake ya Ford kuna tundu la OBD, la kusomea hitilafu za injini, na kisomeo kidogo kinatosha. Misimbo ya P0171 na P0174 inamaanisha mchanganyiko una petroli kidogo kuliko hewa, upande mmoja au wote wawili. Kabla ya kulaumu pampu, kagua viungo vya bomba la moshi vilivyo kabla ya sensa ya oksijeni. Mwanya mdogo pale huvuta hewa ya nje, sensa inadanganyika, kompyuta inaongeza petroli isiyohitajika. Ndipo upime shinikizo la petroli, ambalo kwa Coyote huwa karibu bari 3.8.

Kuendesha. Mustang GT ya 2011 ilikuwa na kilo kama 1,640, na urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,720. Replika hii huwa na kilo kama 1,100 na milimita 2,286 tu. Nguvu ni zile zile. Nyingi hazina ABS, inayozuia magurudumu kujifunga ukishika breki, wala mfumo wa kuzuia kuteleza, kwa hiyo mguu wako wa kulia ndio kompyuta. Mvua ikinyesha, tumia gia ya juu zaidi na usikanyage ghafla katikati ya kona. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT wa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalotoka mara chache huzeesha tairi kabla ya kuzimaliza, na mpira mgumu wenye kashata nzuri huteleza vilevile.

Baada ya kilomita mia za kwanza, kaza upya nati za magurudumu na bolti za sasipenshoni, kisha piga alama ya rangi kuvuka nati na bolti ili ukichungulia tu uone iliyosogea. Abiria mwambie avae suruali ndefu, na umwoneshe bomba la ubavuni kabla hajashuka, si baada.

Mwisho karatasi. Hakikisha namba ya chesisi na ya injini zinafanana na zilizo kwenye kadi, na gari limesajiliwa kama lilivyo. Kadi inayodai ni ya 1965 wakati chuma ni kipya itakusumbua siku ya ajali na siku ya kuuza. Uingereza, kwa mfano, gari la kujiundia hupita kipimo cha IVA kabla ya kuruhusiwa barabarani. Bima itafute ya thamani mliyokubaliana mapema, uwape picha na risiti za injini na giaboksi. Bima ya kawaida hulipa thamani ya sokoni, na kwa gari lisilo na pacha mtabishana sana kuhusu soko lenyewe ni lipi.