Samaki na kuku wa kukaanga bila unga wa ngano: usitupe machicha ya nazi

Baba alivyoambiwa ana sukari, hakuuliza dawa wala nini, aliuliza "sasa na nguru wangu wa unga ndo basi tena?" Nguru wa unga ni ule wa vipande vinene, unagaragazwa kwenye unga wa ngano na yai unatumbukizwa kwenye karai, ngozi inakuwa kru kru kru. Nkaona siwezi kumnyima mzee wa watu kitu cha hivo, nkaanza kujaribu. Nimeunguza vitu vingi mpaka nkapata njia, ndo hii nawapa.

Kwanza tuelewane kwenye unga, kwasababu hapa ndo watu wengi wanapigwa. Unasikia mtu anasema "mi nimeacha ngano natumia unga wa muhogo", haya, muhogo kweli hauna gluteni, ile protini ya ngano inayonata, ila wanga wake, ambao ndo unaopandisha sukari, kwa gramu 100 unazidi 80, wakati ngano ina kama 76! Yani umetoka kwenye jua umeingia kwenye moto. Kornflawa ndo kabisa, karibu 90, ni wanga mtupu ule. Unga wa dengu ule wa bajia ni afadhali kidogo, karibu 60, lakini bado sio chakula cha wanga kidogo, usidanganywe na ile rangi yake nzuri. Kutokuwa na gluteni na kuwa na wanga kidogo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sasa vinavyofaa. Karanga zina wanga kama gramu 16 kwa 100 na nusu yake ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki sukari, ufuta kama 23 na nusu yake pia nyuzinyuzi. Lozi ndo wanayosifia wenzetu wa Ulaya na Marekani, ni nzuri sikatai, ila nenda kaulize bei alafu urudi tuongee. Korosho tamu sana lakini wanga wake unafika 30 na nyuzinyuzi kiduchu, mi natafuna chache tu sipaki. Na nazi, nazi mbichi ina wanga 15 hivi na 9 kati ya hizo ni nyuzinyuzi. Na sisi watu wa pwani tunakuna nazi kila siku, tunakamua tui, alafu machicha tunamwagia kuku. Mi mwenyewe nimemwaga miaka yote hiyo!

Kuyaandaa machicha: ukishakamua tui la pili, kamua tena kwa nguvu zote mpaka mkono uchoke, maana maji yakibaki ndo yatakusumbua mbele. Tandaza kwenye sinia uanike juani, funika na chandarua au kitambaa chepesi kwa ajili ya nzi. Kama hakuna jua weka kwenye karai kavu moto mdogo kabisa ukoroge bila kuondoka, dakika 15 mpaka 20, usiende kuchungulia simu, nazi inabadilika rangi ghafla. Utajua yamekauka ukiyachota na mkono yanachuruzika kama mchanga na hayashikani tena. Yakipoa yachekeche, yale laini weka pembeni na yale ya chenga chenga weka pembeni, utayahitaji yote mawili. Nazi moja kubwa inanipa kama kikombe kimoja cha chai. Usiyaweke kabatini wiki mbili, yanachacha, weka frizini au tumia ndani ya siku mbili tatu.

Sasa kosa langu la kwanza, na naamini na wewe utalifanya. Nilichukua nguru nimeshamlaza na ndimu, chumvi, kitunguu saumu, bado analowa maji, nkamgaragaza kwenye machicha nkatumbukiza. Ganda lote likatoka likaogelea peke yake kwenye mafuta, samaki amebaki mtupu kama alivyozaliwa. Unga wa ngano unasamehe, ule ukikutana na maji unakuwa gundi, machicha hayana gundi ya namna hiyo hata kidogo. Kwahiyo gundi inabidi iwe yai, na yai halishiki kitu kilicholowa.

Kwahiyo fanya hivi. Samaki mpake chumvi na viungo nusu saa kabla, chumvi itavuta maji yatoke, alafu mfute. Namaanisha mfute kweli, na tishu au kitambaa safi, kila upande, mpaka ukimgusa vidole vinanata kidogo badala ya kuteleza. Kwa vipande 4 vya nguru, mimina machicha yote ya nazi ile moja ila usiyachanganye, ongeza vijiko 2 vya ufuta kwenye yale ya chenga, pilipili manga nusu kijiko cha chai, bizari kidogo ya rangi. Mayai 2 yakoroge bila maji wala maziwa. Kipande kinaanza kwenye machicha laini, unakikung'uta, kinaingia kwenye yai, unakiacha kichuruzike, ndo kinaenda kwenye chenga, hapo kandamiza na kiganja usiogope. Kisha vipange kwenye sinia viingie frijini dakika 20. Hii hatua watu wanairuka kwasababu njaa inauma, ila ndo inayoshikisha ganda.

Moto nao. Machicha na karanga vinaungua mapema kuliko ngano, ukikaangia moto ule wa chipsi utapata ganda jeusi na samaki mbichi. Moto wa wastani, mafuta yafike nusu ya kipande. Chomeka ncha ya mwiko wa mbao, ukiona vipovu vidogo vidogo vinapanda taratibu kuzunguka mti weka samaki, vikipanda kwa fujo punguza moto usubiri. Vipande viwili kwa wakati, kama dakika 3 au 4 kila upande, na geuza mara moja tu! Kila ukigeuza unabandua. Ukitoa weka kwenye chujio au waya hewa ipite chini, sio kwenye gazeti, kwanza wino, pili mvuke unarudi ganda linalainika.

Kuku ni habari nyingine kidogo. Ganda hili litaiva kabla paja halijaiva ndani, kwahiyo mchemshe kwanza na tangawizi na kitunguu saumu mpaka aive kabisa, mpoze, mfute kama samaki, mpake, na karaini akae dakika 3 tu apate rangi. Kwa kuku napenda karanga kuliko nazi. Zikaange kidogo, menya maganda, twanga kwenye kinu ziwe chenga, ukitumia blenda bonyeza na kuachia, ukiizidisha unapata siagi ya karanga hahaha. Chagua karanga vizuri, zenye ukungu au zilizosinyaa tupa, ile sumu ya ukungu haiishi kwa kukaangwa. Na uliza wageni kama kuna ambaye karanga zinamdhuru.

Dagaa usiwapake kitu, wanakauka wenyewe. Kababu nazo bibi zetu walishamaliza kazi, unachovya kwenye yai tupu unakaanga, linatoka ganda jembamba kama wavu, hapo shida inakuwa ule mkate wanaochanganya ndani ya nyama, utoe tu uongeze yai.

Tusidanganyane pia, vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano ni kama gramu 12 tu za wanga, kwahiyo ukibadilisha ganda alafu ukapakua na mlima wa ugali au sahani ya chipsi hujafanya kitu. Baba namuwekea kachumbari nyingi, mchicha, na pilipili ya ndimu. Na mwenye kuchoma insulini au anayemeza vidonge vya sukari aongee na daktari wake kabla hajapunguza wanga kwa kasi, sukari ikishuka ghafla ni balaa.

Siku ya kwanza ilipotoka vizuri baba alikigeuza kipande, akakinusa, akaniambia "mwanangu, haya si machicha ya kuku?" Nkamwambia ndio baba. Akala viwili, akauliza cha tatu ni cha nani. Yale machicha yaliyobaki sahanini yameshagusa yai bichi na samaki, hayarudi kwenye kopo, hayo sasa ndo wapelekee kuku wako.