Kumsajili mzee SHA: anza na laini yake ya simu

Tumevuka mara tatu kati ya Siyu, kisiwani Pate, na mji wa Amu (Lamu), mimi na shangazi yangu wa miaka 73, kwa ajili ya tarakimu kumi za simu kwenye usajili wake wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya. Naandika ili mzee wa mwenzangu asichoshwe vile.

Kwanza tuelewane. NHIF, ile bima ya afya ya zamani, ilikwisha, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni SHA. Wengi tulioajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara tukidhani wazazi wetu wamo. Hawamo. Makato yako yanakuhudumia wewe, mke au mume, na watoto wako. Mzazi au shangazi ni kaya nyingine, ajisajili kivyake, ila kumlipia unaweza.

Akisha kusajiliwa tu, hata kabla ya kulipa, hutibiwa bure kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali, vile vya daraja la 2 na la 3. Kulazwa au kupasuliwa kwenye hospitali kubwa, kama King Fahd pale Amu, ndiko kunakotaka mchango uwe umelipwa.

Hatua ya 1: laini ya simu

Hapa usiwe na haraka. Wakati wa kusajili, namba ya siri hutumwa kwenye simu, na simu hiyo ndiyo inayobaki kwenye rekodi ya mzee. Mara ya kwanza shangazi alisajiliwa kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti. Kijana aliyemhudumia aliona mzee hana simu mkononi, akaweka namba yake mwenyewe ili kazi iishe. Hakuwa na nia mbaya. Lakini tulipotaka kuingia kwenye rekodi yake kuangalia mchango, namba ya siri ilikuwa ikienda kwa mtu ambaye siku hiyo alikuwa Mombasa, na simu amezima.

Kubadilisha namba kulitaka shangazi mwenyewe, ana kwa ana, na kitambulisho chake halisi. Boti ya Siyu haiondoki utakapo wewe. Hungoja maji yajae ndipo ipite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari. Safari ya kwanza tulichelewa, ofisi imefungwa. Ya pili mtandao haukuwapo, tukalala Amu kwa jamaa. Ya tatu ndiyo ikafaulu. Mwenye magoti mabovu kupanda na kushuka botini mara tatu ni adhabu, na hakuwa na kosa lolote.

Basi fanya hivi. Mnunulie mzee laini yake, isajiliwe kwa kitambulisho chake, uitie kwenye simu ya vibonye. Usitumie laini ya mjukuu anayekwenda baharini, wala ya binti anayetarajia kuolewa Malindi. Hata yako usitumie kama huishi naye. Laini iwekwe vocha na itumike mara kwa mara, isije ikafungwa. Namba iandike nyuma ya kalenda ukutani. Na saiba mimi siendi tena kwa jambo hili. Fanya nyumbani, mzee ameketi kando yako.

Hatua ya 2: usajili

Piga *147#, fuata maelezo, ingiza namba ya kitambulisho. Tovuti ya Afya Yangu nayo ipo, lakini kwa simu ya vibonye *147# yatosha. Ukikwama, muulize mhudumu wa afya wa mtaa.

Hatua ya 3: maswali ya kaya

Utaulizwa paa ni la nini, kuta, sakafu, choo, maji, taa, na watu wangapi wanaishi hapo. Majibu haya ndiyo yanayopanga mchango. Shangazi anakaa nyumba ya mawe aliyorithi kwa babu yake, na huwezi kusema ni ya udongo. Sema kweli, lakini sema yote: kama paa ni makuti, taja makuti. Wahesabu wanaolala na kula hapo sasa. Mtoto aliyehamia Mombasa miaka sita iliyopita si wa kaya hiyo. Mwache mzee ajibu mwenyewe, wewe ubonyeze tu.

Hatua ya 4: kulipa

Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa pamoja: 3,600 au zaidi. Mzee anayepokea 2,000 za Inua Jamii, ile ruzuku ya serikali kwa wazee, kwa mwezi, hiyo ni karibu miezi miwili ya riziki yake. Sisi tulichanga wapwa wanne kwa M-Pesa. Lipeni akiwa mzima, msingoje alazwe.

Hatua ya 5: vidole

Hospitalini mgonjwa hutambuliwa kwa alama za vidole. Vidole vya shangazi vimelika kwa kusuka mikeka tangu utotoni, mashine ikavikataa. Alinawa, akajifuta vizuri, wakajaribu kidole kingine, kikakubali. Kidole chenyewe ni cha kati, mkono wa kushoto. Nimekiandika kwenye ile kalenda, chini ya namba ya simu na tarehe mchango unapokwisha.