Fonti ya mwandiko wa madaha: usiitanue

Ukitumia fonti ya mwandiko wa kalamu kwenye mwaliko au cheti, acha nafasi kati ya herufi ibaki 0. Mikia ya herufi imechorwa igusane. Ukiongeza hata kidogo, neno linakatika vipandevipande. Herufi kubwa iwe ya mwanzo wa neno tu, maana zikifuatana mapambo yake hugongana na jina halisomeki.

Mimi nisingeshusha ukubwa wa herufi chini ya pointi 24, hasa kwa maandishi meupe juu ya rangi iliyokoza: wino hutanuka na kumeza ile mistari myembamba, nayo ndiyo uzuri wenyewe. Anwani na saa ziandikwe kwa fonti ya kawaida. Kabla ya kumpelekea mpiga chapa faili, geuza maandishi yawe mchoro (“outlines”), yasiitegemee fonti tena. Kompyuta yake ikikosa fonti hiyo itaweka nyingine.